Ua la Uani Lisije Likaua

Kiswahili kina maneno matatu yanayofanana masikioni ilhali hayana undugu wowote wa asili. Kuna ua linalochanua, ambalo wingi wake ni maua. Kuna ua unaoizunguka nyumba, ambao wingi wake ni nyua. Na kuna kitenzi kuua, ambacho hakihitaji ufafanuzi. Katika madarasa ya isimu sisi huutumia mfano huu kuwaonyesha wanafunzi kwamba sauti zinaweza kukutana kwa sadfa tu, pasi na maana kukutana. Lakini kila niendapo nyumbani Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, maneno haya matatu hunijia kwa pamoja, kwa kuwa katika nyua za watu, na katika viwanja vya shule pia, nimeyaona maua yenye uwezo wa kuua, na chini yake watoto wadogo wamekaa wakicheza mchezo wa kupikapika kwa majani na mbegu zake.

Suala la mimea ipi ipandwe mahali penye watoto aghalabu huachiwa wauza miche na wapenzi wa bustani. Mimi si mtaalamu wa mimea, wala si tabibu. Nalileta mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kwamba, kwa kiasi kikubwa, hili ni suala la lugha. Mmea wenye jina mtoto anaweza kukanywa asiuguse. Usio na jina utamkanya vipi?

Tuanze na bahari, maana huko ndiko watu wa Kizingitini waliko mabingwa. Kijiji chetu ni cha wavuvi, na kamba wanaovuliwa huko wana sifa mwambao mzima. Kabla mtoto hajajua kusoma, tayari anawatenga changu, tafi, pono, nguru na kolekole kwa majina na kwa maumbile yao, na akimwona bunju amenasa jarifeni anajua kwamba huyo haliwi. Hakuna aliyemwitia mtoto huyo semina. Jina lenyewe limemfunza, kwani kwa watu wa pwani kusema bunju ni kusema sumu. Sasa mchukue mtoto huyo huyo umpeleke nyuma ya nyumba, umwonyeshe mimea anayopishana nayo kila siku aendapo chuoni na shuleni, umwombe akutajie majina. Nimelifanya jaribio hilo kwa watoto wa gredi ya tano na ya sita zaidi ya mara moja wakati wa likizo. Mwarobaini wanaujua, mnazi na mkwaju pia. Kinachofuata baada ya hapo ni "maua", "miti tu", na jibu moja lililonichekesha na kunifikirisha: "yale yasiyoliwa na mbuzi".

Jibu hilo lina hekima kuliko alivyokusudia mwenyewe aliyelitoa. Mchaguzi mkuu wa mimea ya Kizingitini ni mbuzi. Nyumba zetu zimebanana, mvua ni haba, maji ya visima yana chumvi, na mbuzi na punda huzurura vichochoroni kutwa kucha. Chochote kitamu kinachochipua huliwa kabla hakijafika magotini. Kinachosalia ni kile ambacho mbuzi amekionja akakitema, au amekinusa akapita. Kwa hiyo, pasi na mtu yeyote kukusudia, nyua zetu zimejaa mimea michungu, mimea yenye utomvu mkali na mimea yenye sumu, na hiyo ndiyo inayositawi, ikapendeza na kutoa kivuli. Mama wa nyumba huusifu mti kwa jirani yake kwamba hauliwi na mbuzi. Hasemi uongo. Ila sifa hiyo hiyo ingepasa kuzua swali la pili, yaani ni kwa nini mbuzi hauli.

Mfano ulio bora kupita yote ni mbono. Mti huu, ambao wataalamu huuita Jatropha curcas, uliletwa kwetu kutoka upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, kwani asili yake ni Amerika ya Kati. Ulipofika pwani ulipata kazi mbili: kuwa ua wa kuzuia mifugo na kuwa alama ya makaburi. Ndipo wazee wakauita mbono kaburi, na wengine mbono koma, koma likiwa ni neno la kale lihusulo wafu na mizimu yao. Tazama jinsi jina hilo lilivyofanya kazi. Neno la kwanza linaueleza mti. Neno la pili linamweka mtoto mbali nao. Mtoto gani atachuma tunda la kaburini akalitia kinywani?

Onyo hilo lilikuwa na sababu nzito. Mimea mingi yenye sumu ina ukali au uchungu unaomfanya mtoto ateme mara moja. Uchungu ni mwalimu, nasi tumeutumia ualimu wake tangu zamani: mama anayemwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri, na siku mbili tatu zinatosha. Katika lafudhi ya Kiamu uchungu huitwa utungu, na neno hilo hilo hubeba maumivu ya mwili na ya moyo, kana kwamba ulimi na moyo vilikubaliana zamani juu ya jambo moja. Mbono hauufuati mkataba huo. Kokwa yake nyeupe ina ladha nzuri inayokaribia ile ya karanga, na mtoto akila moja atatafuta ya pili. Mbegu chache tu zinatosha kuleta maumivu ya tumbo, matapishi na kuhara, mambo ambayo humkausha maji mtoto mdogo kwa haraka ya kutisha.

Miaka michache iliyopita mtoto wa jirani zetu, mwenye umri wa miaka minne, alianza kutapika baada ya sala ya alasiri. Bibi yake alimfumbua kiganja akakuta maganda meusi, akawaambia waliokuwapo kwamba mtoto amekula mbono. Alipelekwa kwenye zahanati, na muuguzi aliyekuwa zamu, kijana mpole aliyezaliwa mbali na pwani, alilipokea neno mbono kwa maana anayoijua yeye, yaani mmea wa mafuta ya kuharisha ambao wengine tunauita mbarika na wengine mnyonyo. Bibi akamrekebisha kwa heshima: "Sio mbono wa mafuta, mwanangu. Ni huu wa makaburini." Muuguzi aliomba aletewe tawi, likaletwa, akalitazama, akajua anapambana na nini. Mtoto alinyweshwa maji yenye chumvi na sukari, akalala hapo chini ya uangalizi, na asubuhi akaomba chai. Nimelisimulia tukio hili katika mihadhara yangu ya semantiki mara kadhaa, maana sijapata mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya jina moja kubeba vitu viwili.

Lakini kisa cha mbono hakikuishia hapo. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii mti huo ulirejea Kenya na Tanzania kwa kishindo, safari hii ukinadiwa kama chanzo cha mafuta ya kuendeshea magari na mitambo. Wakulima walihimizwa kuupanda. Hesabu za faida hazikutimia. Utafiti uliochapishwa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba haumlipi mkulima mdogo isipokuwa kama ua wa shamba. Mimi jambo lililonishughulisha zaidi ni jina. Katika mikutano na vipeperushi vya wakati huo mti haukuitwa mbono kaburi. Uliitwa jatrofa. Kaburi liliondolewa katika jina, na pamoja nalo likaondoka onyo la vizazi kadhaa. Kijana aliyekua akisikia habari za jatrofa hana sababu ya kuogopa. Neno hilo kwake lina harufu ya maendeleo.

Mbarika wenyewe nao si wa kuchezea. Mafuta yake yakishakamuliwa na kusafishwa vyema hayana sumu, kwa kuwa sumu ya risini haiyeyuki katika mafuta, hubaki katika makapi. Mabibi zetu waliyatumia kama dawa ya tumbo, na kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba mbegu nayo ni dawa. Kinyume chake, risini ni miongoni mwa sumu kali kabisa za mimea. Mwandishi wa Bulgaria, Georgi Markov, alipochomwa mguuni mjini London mwaka 1978 kwa kitu kilichodhaniwa kuwa ncha ya mwavuli, akafa baada ya siku chache, wachunguzi walikata kauli kwamba kidonge kidogo kilichokutwa mwilini mwake kilibeba risini. Mbegu za mbarika zina madoadoa ya kupendeza kama mayai ya ndege mdogo. Hapana mtoto atakayezipita chini bila ya kuziokota.

Hapa nawaomba walimu wa chekechea na wa gredi za mwanzo wanitegee sikio. Mtaala wetu wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa vitu vinavyomzunguka, na mimi ni miongoni mwa wanaouunga mkono katika hilo. Mwalimu huwaagiza watoto waje na mbegu za kuhesabia au za kubandika kwenye picha. Mbegu inayopendeza kupita zote ni ile nyekundu yenye jicho jeusi, ambayo baadhi ya watu wa mwambao huiita turituri. Kule India wasonara waliitumia kwa karne nyingi kupimia dhahabu, kwani mbegu hizo hukaribiana mno kwa uzito. Ikimezwa nzima mara nyingi hupita tumboni bila ya kuleta madhara, kwa sababu ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, au ikitobolewa ili itiwe uzi, hali hubadilika: abrini iliyomo ndani ni jamaa wa risini, na mbegu moja iliyotafunwa barabara inaweza kuyahatarisha maisha ya mtoto. Wala tusidhani kwamba ni sisi tu wa vijijini tulio katika hatari hii. Mwaka 2011 bustani mashuhuri ya Eden Project kule Uingereza, mahali penye wataalamu wa mimea wa kila namna, iliwaomba wateja warudishe bangili za mbegu hizo zilizokuwa zimeuzwa dukani mwake. Kizingitini hatukosi simbi, na komwe za bao zipo. Mtoto aliyekwisha kuvuka umri wa kutia kila kitu kinywani na ahesabu kwa hizo.

Mimea niliyoitaja hadi sasa ina majina, hata kama majina yenyewe yanafifia. Ninaoiogopa zaidi ni ile iliyokuja bila jina. Msunguti ni mti wa kwetu Afrika ya Mashariki, na kwa karne nyingi wawindaji waliupika na kupaka utomvu wake kwenye mishale ya kuulia hata ndovu. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitenga sumu hiyo, ikapewa jina la uabaini, ambalo chimbuko lake ni neno la Kisomali waabaayo, linalotaja sumu hiyo ya mishale. Hivyo lugha ya majirani zetu wa kaskazini ilitoa istilahi inayotumiwa na madaktari wa moyo duniani kote. Mtu anayeujua msunguti hataupanda mlangoni. Lakini oleanda, yenye maua ya waridi na meupe yanayopamba bustani za hoteli na kandokando ya barabara za miji yetu, ni wa ukoo mmoja na msunguti, na sumu yake huushambulia moyo kwa namna ile ile. Majani, maua na vijiti vyake vyote vimo. Waridi la jangwani nalo ni wa ukoo huo. Wahadzabe wa Tanzania hutengeneza sumu ya mishale kutokana na mmea huo, ilhali sisi tunaununua ndani ya chungu cha urembo kwa sababu muuzaji ameuita waridi. Ni jina la kuazima lisilo na haki ya kuwapo hapo, maana kati yake na waridi hakuna uhusiano wowote.

Tena kuna huu ulioenea katika vyumba vya wageni, wenye majani mapana ya kijani yaliyotapakaa madoa ya rangi ya maziwa, usiohitaji jua jingi. Wataalamu huuita Dieffenbachia, kwa heshima ya mtunza bustani mmoja wa Vienna aliyeitwa Joseph Dieffenbach. Kwa mpishi wa pwani siri yake ni rahisi kueleweka: ni wa ukoo wa jimbi. Sote twajua kwamba jimbi lisiloiva huwasha kinywa. Chanzo chake ni fuwele ndogo mno, kali kama sindano, na katika mmea huu fuwele hizo zimo kwa wingi. Mtoto akitafuna bua lake, ulimi na midomo huvimba, mate humtoka, na huweza kushindwa kusema kwa muda. Watu wa visiwa vya Karibi wanaujua kwa jina lenye maana ya muwa wa bubu, na inasimuliwa kwamba enzi za utumwa ulitumiwa huko kuwaadhibu watumwa. Wao waliulipia jina hilo kwa mateso. Sisi tuliletewa mmea wenyewe ndani ya dumu lililokatwa, na tukiulizwa ni nini twasema ni ua la ndani.

Haki inanilazimu niseme kwamba jina linaweza pia kupotosha kwa kusifu mno. Mwarobaini, ambao pwani huitwa pia mkilifi, umepewa sifa ya kuponya maradhi arobaini, na kivuli chake ndicho kinachoyafanya mabaraza ya Lamu yakalike saa sita za mchana. Sina ugomvi nao kama mti wa kivuli. Lakini sifa ya arobaini imewafanya wazazi wengine wasiulize kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti kwamba watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu zake kwa nia ya tiba waliugua vibaya, na baadhi yao walifariki. Mti ubaki uwanjani. Mafuta yake yasitiwe kinywani mwa mtoto.

Je, tuing'oe mimea yote hii? Sioni haja, na wala haiwezekani. Ua wa minyaa una kazi yake pembezoni mwa shamba, mradi watoto wafundishwe kwamba utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huweza kulidhuru vibaya. Utupa uliokuwa ukilevya samaki haufai tena kwa uvuvi, kwa kuwa sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu, kwa hiyo hauna sababu ya kupandwa karibu na nyumba. Mnanaha, unaojiotea jalalani, huo ningeung'oa bila ya kufikiri mara mbili, kwa kuwa mbegu zake humtia mtu wazimu wa saa nyingi, mboni zikapanuka na kinywa kikakauka. Minyaa na mbono iwekwe mbali na mahali pa kuchezea. Oleanda iliyo mlangoni mwa chekechea haina utetezi.

Badala yake tupande nini? Hapa nafurahi kusema kwamba jawabu liko katika nywele na nguo za mama zetu. Asumini, mrihani na mhina ni mimea ambayo mtoto anaweza kuichuma na kuinusa pasi na kumdhuru. Haya ni maua ya vikuba na ya arusi, yana majina, yana nyimbo, na kila mwanamke wa Kizingitini anajua namna ya kuyatunza. Tahadhari ni moja tu: kuna kichaka kinachouzwa katika vitalu kwa jina la yasmini ya usiku, ambacho si asumini hata kidogo, ni wa ukoo wa mnanaha, na vitunda vyake vyeupe vina sumu. Mronge, ambao wengine huuita mzunze, una majani yanayopikwa mboga. Mkomamanga huvumilia ukame. Mchaichai na nanaa hukubali kukaa katika dumu, na mtoto akitafuna jani lake atakuwa amejinywea chai kabla ya maji kuchemka.

Mbuzi atavipenda vyote hivi, hapana shaka. Mmea usiomdhuru mtoto aghalabu humfaa mbuzi pia, na gharama halisi ya uwanja salama ni ulinzi. Kwa bahati nzuri hakuna kijiji kilichojaliwa nyavu kuukuu kama chetu. Jarife lililochanika, likifungwa kwenye vijiti vinne vya boriti, linatosha kuuhifadhi mche wa asumini mpaka upate nguvu. Nimeona nyumba mbili zilizofanya hivyo, na mojawapo sasa inauza maua siku za arusi.

Nasisitiza kinga kwa sababu ya jiografia yetu. Kutoka Kizingitini mgonjwa anaweza kufikishwa Faza kwa nchi kavu, lakini akihitaji kupelekwa katika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu itabidi asafirishwe kwa boti, na njia ya Mkanda, baina ya Manda na bara, haipitiki vyema maji yakiwa yametoka. Sumu haisubiri maji yajae. Mtoto akionekana ametafuna mmea msioujua, mtoeni mabaki kinywani, msukutueni kwa maji safi, na msimtapishe kwa nguvu, kwani kuna sumu zinazounguza mara ya pili zinapopanda. Utomvu ukiingia jichoni, oshani kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa. Kisha mwendeni kwa tabibu, na mkononi mchukue tawi lenye jani, na tunda kama lipo. Tawi hilo litasema pale ambapo jina halipo au lina utata.

Kwa walimu ninalo pendekezo moja. Kamusi zetu nyingi, na nasema haya kwa upendo kwa kuwa ni kazi ya wenzangu, zikifika kwenye mimea humaliza shughuli kwa maneno "aina ya mmea", kana kwamba msomaji alikuwa akidhani ni aina ya jahazi. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na wanaisimu waliokaa ofisini Nairobi au Dar es Salaam. Linaweza kuzibwa na mwanafunzi mwenye daftari aliyekaa mkekani na bibi yake. Jina analolitumia bibi, jina wanalolitumia Siyu au Tchundwa kama ni tofauti, mbuzi anaula au haumli, ni sehemu gani haitiwi kinywani: mistari minne kwa kila mmea. Serikali ilipozindua mwezi wa Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko kwa ajili ya kupanda miti, miche iligawiwa shuleni kwa maelfu. Mwalimu mmoja rafiki yangu alipouliza jina la mche aliopewa aliambiwa kwamba ni wa kivuli. Aliurudisha. Nadhani alifanya vyema.

Ile mimea isiyo na jina inabidi ipewe, na kazi hiyo haimhitaji profesa. Likizo iliyopita niliruhusiwa kuzungumza na watoto wa darasa moja, nikawaeleza habari za ule mmea wa vyumbani na namna unavyofanya ulimi uvimbe, kisha nikawaomba waubatize. Mapendekezo yalikuwa mengi, na mengine siwezi kuyachapisha gazetini. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alisema uitwe mfungakinywa. Darasa zima lilicheka, kwa kuwa kila asubuhi wao hula kifunguakinywa, na jina likashika hapo hapo. Juma lililofuata niliona kibandiko cha karatasi kimegundishwa kwenye dumu katika baraza ya nyumba ya jirani, kimeandikwa MFUNGAKINYWA kwa kalamu ya wino mwekundu, na dumu lenyewe limepandishwa juu ya kabati. Kuhusu oleanda bado hawajaafikiana. Kambi moja inataka iitwe msunguti-maua ili ukoo wake ujulikane, na nyingine inasema jina hilo ni refu mno kwa mtoto wa miaka mitatu.